Mwani Niliouita Jamu

Mama mkubwa Domina hutia sahihi kila anapomeza kidonge. Sizungumzii kazini kwake, kwenye nyumba ya wazee, ambako ni lazima kuandika ukishampa mzee dawa. Nazungumzia jikoni kwake hapa Rågsved, mtaa wa Stockholm, ghorofa mbili juu yetu. Kwenye mlango wa friji amebandika karatasi yenye mistari thelathini na mmoja, na kalamu inaning'inia kwa uzi. Kila asubuhi kabla ya chai anameza kidonge kimoja cheupe cha tezi ya shingo, anakunywa maji, kisha anaandika D.R. Karatasi ya mwezi ikijaa anaikunja na kuitia kwenye kopo la biskuti.

Nilipokuwa na miaka tisa nilimwuliza, "Mama mkubwa, unamsainia nani?"

"Najisainia mimi. Mgonjwa mimi, nesi mimi."

"Kwani hujiamini?"

"Naamini karatasi," akasema, akanipa kipande cha ndizi ya kukaanga ninyamaze.

Nina miaka kumi na sita sasa na bado nauliza maswali hivyo hivyo. Ndiyo maana najua mambo yake mengi. Najua alizaliwa Kamachumu, Kagera, juu ambako siku ya anga safi ziwa linaonekana. Najua bibi yake alikuwa na rovu, uvimbe wa shingoni mkubwa kama embe, na watoto walikuwa wanalala wameliegemea. Najua alifanya kazi zahanati, akizunguka vijijini kuhubiri chumvi yenye madini joto ili watoto wasiote rovu kama la bibi. Halafu akaolewa na baba mkubwa Japhet, aliyekuja huku kusomea misitu, akamfuata. Baba mkubwa alifariki nikiwa na miaka mitano. Mwaka huo huo mama mkubwa alianza kuchoka, nywele zikamtoka, daktari akapima damu akasema tezi yake imelala, atameza kidonge maisha yake yote. Hiyo ni miaka kumi na moja. Hajaruka siku moja. Kopo la biskuti limeshakuwa makopo mawili.

Mwani niliuleta mimi. Lazima niliseme hilo mapema, maana nimeshajaribu kulikwepa mara mbili nilipoanza kuandika hapa.

Ilikuwa mwezi wa pili, giza la saa kumi na moja jioni, chunusi zimenijaa kwenye paji la uso. Kwenye simu nikaona dada mmoja mwenye ngozi kama kioo anakula kijiko cha kitu kinachotetemeka, anasema ni mwani, una madini tisini na mbili. Tisini na mbili! Nilipanda ngazi kumwonyesha mama mkubwa nikiwa bado na soksi. Baadaye nilimwuliza mwalimu wetu wa kemia, akahesabu kwenye jedwali lake ukutani akasema, "Kama ni yote tisini na mbili, basi na urani imo." Darasa likacheka. Sikumwambia mama mkubwa habari ya urani.

Yeye alitazama video mara tatu, miwani puani.

"Huu mwani si una madini joto?"

"Wanasema mengi sana."

"Waitu! Na mimi nahangaika na tezi. Tena nilikuwa nawahubiria watu." Akajipiga paja. "Sisi watu wa ziwani tuna dagaa, tuna sangara, hatujui habari ya mwani. Kumbe nilikuwa nahitaji bahari."

Rafiki yake Mama Adhiambo, wa mtaa wa Hallonbergen, ndiye aliyempatia mfuko wa kwanza; shemeji yake anautoa Unguja. Ulikuwa umekauka, unafanana na nyuzi za fagio la kupigia deki lililosahauliwa nje. Mama mkubwa aliuloweka kwenye beseni, ukanywa maji, ukanona, ukawa mwororo na kung'aa. Aliuosha mara saba. Nilihesabu, kwa sababu kila mara mchanga ulibaki chini, nami nilikuwa nautazama ule mchanga nikiwaza umetoka mbali kiasi gani mpaka kwenye sinki la Rågsved. Kisha blenda, tangawizi, ndimu, asali. Akaumimina kwenye chupa za jamu. Wazee wake kazini wanakula jamu ya matunda ya msituni kwa kila kitu, hata kwa nyama, naye huleta chupa tupu nyumbani. Asubuhi iliyofuata kwenye friji kulikuwa na chupa nane za kitu cheupe kinachotetemeka, ubavuni bado kuna picha ya matunda mekundu.

Kwenye ile karatasi ya friji akachora safu ya pili, akaandika juu yake M. Mwani. Vijiko viwili vya supu asubuhi, viwili jioni, na sahihi.

Nami nilikula. Niliupenda hata. Nilikuwa naubeba shuleni kwenye kichupa, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Siku moja mwezi wa tano, kantini, Adrienne akaniona. Adrienne mama yake ni Mkongo, tunasikilizana kwa Kiswahili tukitaka kuwasema wengine, lakini siku hiyo alitumia Kiswidi, kwa sauti ya kufika mpaka kwenye foleni ya maziwa.

"Ella! Unakula makamasi?"

"Ni mwani."

"Makamasi ya bahari, basi. Nani kakutengenezea? Yule shangazi yako wa kijiji?"

"Si shangazi, ni mama mkubwa."

"Haya, makamasi ya mama mkubwa!"

Meza nzima ilicheka. Wiki nzima mtu akipenga kamasi darasani kuna aliyesema, "Mpelekee Ella." Ningeweza kusema kwamba kwenye duka la vitamini pale katikati ya mji kitu hicho hicho kimewekwa kwenye vidonge, ndani ya chupa ya kahawia yenye kizibo cha mbao, na wasichana wa Kiswidi wanakinunua. Jibu hilo nililipata usiku. Kichupa nikakitupa kwenye pipa la shule, na mama mkubwa akiniuliza, "Bado unakula?" nilisema ndiyo.

Siku nne baada ya Adrienne, mama mkubwa akaniomba nimsindikize kliniki. Vipimo vya damu vimetoka, daktari anataka kumwona.

Sasa mtu atauliza, mwanamke aliyekaa Sweden zaidi ya miaka ishirini anahitaji mtoto wa kumtafsiria? Mimi mwenyewe nilimwuliza. Alijibu, "Kiswidi changu ni cha kuogesha na kulisha. Cha damu sina." Na mkalimani wa simu hamtaki, kwa sababu wakalimani wa Kiswahili Stockholm ni wachache na anayepatikana mara nyingi ni Mzee Evodius, mwenyekiti wa kwaya yetu. Mwaka fulani mama mkubwa alikuwa amelala kwenye kile kitanda cha uchunguzi wa akina mama, miguu juu, simu ikaita, sauti ikasema, "Tumsifu Yesu Kristo, Mama Domina." Alijibu milele amina, hakuwa na la kufanya. Tangu siku hiyo anakwenda na mimi.

Daktari alikuwa kijana, raba nyeupe miguuni, nywele amezifunga juu kwa penseli. Alisema ile namba ya tezi imepanda sana ghafla, na kwa miaka kumi na moja ilikuwa imetulia. Akauliza: kuna kitu kingine anachotumia, vitamini, dawa za asili, chochote?

Nilimtafsiria. Uso wa mama mkubwa ukachangamka. Alikuwa amelingojea swali hilo.

"Mwambie natumia mwani. Vijiko viwili asubuhi, viwili jioni, tangu mwezi wa pili. Mwambie ni safi, nimeuosha mara saba." Akainama kwenye mkoba, akatoa chupa iliyofungwa kwa taulo ya jikoni. "Mwambie nimemletea aonje."

Akaiweka mezani. Ikatetemeka.

Niliitazama ile chupa ikitetemeka mbele ya raba nyeupe na penseli, nikaona kantini yote imeingia mle chumbani. Akilini nilimwona daktari akifungua kizibo, akinusa, akijizuia kucheka kwa adabu, na hiyo adabu ndiyo niliyoiogopa kuliko kicheko.

Nikasema kwa Kiswidi, "Hatumii chochote."

"Na hii?"

"Jamu. Zawadi."

Daktari akatazama picha ya matunda mekundu ubavuni, akatabasamu. "Mwambie asante sana, lakini haturuhusiwi kupokea zawadi." Akaisogeza chupa kwa vidole viwili mpaka upande wetu. Kisha akaniuliza, si yeye, mimi, "Je, huwa anasahau kumeza kidonge?"

Hapo nilitakiwa kugeuka na kumwuliza mwenyewe. Sikugeuka. Nilitaka tu tutoke. Nilisema, "Labda, mara moja moja."

Daktari akaandika. Akapandisha dozi. Akafungua droo akatoa kisanduku cha plastiki chenye vijumba saba, Jumatatu mpaka Jumapili, akampa mama mkubwa kwa upole, akimwonyesha kwa kidole jinsi ya kukifungua. Kazini kwa mama mkubwa visanduku hivyo ni vya wazee wasiokumbuka majina ya watoto wao. Yeye ndiye anayewafungulia.

Alikipokea kwa mikono miwili. Akashukuru kwa Kiswidi, "Tack." Akaifunga chupa yake kwenye taulo, polepole, kama anayemfunika mtoto.

Tulirudi kwa treni. Tulipofika mlangoni kwetu alisema, "Asante kwa kunisindikiza, mwanangu." Nikapumua. Nilidhani nimepona.

Siku tatu baadaye akaniita juu. Kompyuta ilikuwa mezani, ameshaingia kwenye rekodi zake za hospitali. Huku kila mgonjwa anaweza kusoma kilichoandikwa juu yake. Ile karatasi ya friji ameibandua, iko pembeni.

"Nisomee alichoandika daktari."

Nikasoma, nikitafsiri. Tarehe. Namba ya tezi. Dozi mpya. Kulikuwa na sentensi mbili katikati. Nikaziruka, nikaendelea na tarehe ya kipimo kijacho.

"Umeruka mstari," akasema.

"Wapi?"

Akaweka kidole kwenye kioo cha kompyuta, kucha fupi, ngozi imekauka kwa sabuni ya kazini. "Hapa."

Nikasoma. "Kwa mujibu wa ndugu, mgonjwa wakati mwingine anasahau dawa. Mgonjwa hatumii virutubisho vyovyote."

"Ndugu ni nani?"

"Mimi."

"Ella, jamu naijua." Hakupandisha sauti. "Nawapakia watu kumi na wanne jamu kila asubuhi ya Mungu. Ukisema jamu, nasikia jamu."

Nilihisi masikio yanaungua. Nilikuwa nimesahau, kweli kabisa. Nilikuwa nimemwona hajui, kwa sababu ndivyo nilivyotaka daktari amwone: mtu asiyejua, anayeongozwa na mimi.

"Kwa nini hukusema pale pale?"

"Nikuumbue mbele ya mgeni?" Akaigeuza ile karatasi, D.R., D.R., D.R., mpaka chini. "Wewe hii unaijua. Ulikuwa unakuja kuihesabu ukiwa mdogo."

"Wenzako kazini hawataona alichoandika, mama mkubwa. Rekodi ni siri. Bosi wako hawezi..."

"Bosi hataona. Mimi nimeona."

Nilianza kulia, na nilijua kulia kwangu nako ni kuomba anihurumie, nikajaribu kuacha, kamasi zikanitoka, na nikamkumbuka Adrienne.

"Niliona aibu," nikasema.

"Aibu ya nini? Ya mwani, au yangu?"

Alingoja kidogo, kama anavyongoja mzee amalize kutafuna, kisha akanisukumia kompyuta.

"Haya. Daktari hakuuliza vile kwa kupoteza muda. Tafuta kwa nini aliuliza."

Nilitafuta kwenye kurasa za hospitali, si kwa yule dada wa ngozi ya kioo. Haikuchukua dakika tano. Watu wenye ugonjwa wa tezi wanaonywa wasitumie mwani bila kumwuliza daktari, kwa sababu madini joto yakizidi yanaweza kuivuruga tezi kama yanavyoivuruga yakipungua, na hakuna anayejua kijiko kimoja kina kiasi gani. Nilitafsiri yote. Safari hii sikuruka hata nukta.

Mama mkubwa alivua miwani. Alikaa ameishika mkononi.

"Yakizidi," akasema. "Mimi nimezunguka vijiji ishirini na kitu nahubiri yakipungua. Na nilijua yanazidi, tulifundishwa. Nilijua nikasahau." Akacheka kidogo, kicheko kikavu. "Ona sasa, kumbe nasahau."

Hicho kiliniuma kuliko yote.

Kisha akachukua simu akaanza kumpigia kila mtu aliyekuwa amemgawia chupa ya mwani. Walikuwa saba. Nilikaa pale nikimsikiliza. "Adhiambo dadangu, ule mwani, wewe shingo yako haina neno? Kama ina neno usile mpaka umwulize daktari. Ndiyo, nilikwambia mimi. Nilikosea." Alilisema hilo "nilikosea" mara saba, kwa watu saba, bila kutaja jina langu hata mara moja. Mama Adhiambo alikuwa anacheka mpaka nikamsikia: "Domina weh, umetulisha chakula cha samaki bure!" Yeye naye akacheka. Alipokata simu uso ukarudi ulivyokuwa.

"Sasa tunarudi kwa daktari," akasema. "Nimeomba mkalimani."

"Mzee Evodius?"

"Atakayepatikana. Wewe utakuja. Lakini hutatafsiri."

Akapatikana Mzee Evodius.

Simu iliwekwa mezani, spika imefunguliwa, pembeni ya kopo la biskuti ambalo mama mkubwa alilibeba kwenye treni mapajani. "Tumsifu Yesu Kristo, Mama Domina," ikasema simu. "Milele amina, Mzee Evodius," akajibu, akakaa wima. Akaeleza yote kwa Kiswahili, kwa mpangilio, kama anayekabidhi zamu. Mwani, tangu lini, vijiko vingapi. Akafungua kopo. Akatandika karatasi mezani moja moja, akamwonyesha daktari safu ya D.R. isiyo na pengo, kisha safu ya M, mahali ilipoanzia, tarehe tatu mwezi wa pili.

Daktari alizisogeza kwa mkono mzima sasa. Alizitazama kwa muda mrefu. Akasema kama wangeendelea kumpandishia dozi bila kujua, moyo wake ungeanza kwenda mbio. Akairudisha dozi ya zamani, akasema mwani auache kabisa, tutapima tena baada ya wiki sita. Kisha akanigeukia. Hakuwa amekasirika. Ni kama alikuwa anataka kuelewa tu.

"Wewe uliniambia ni jamu."

Mama mkubwa aliinua mkono akataka kusema kitu kwa Kiswidi chake, nadhani ataninusuru, ataniita mtoto. Nikamtangulia. Nikasema kwa Kiswidi, haraka, nikitazama raba za daktari.

Nilikuwa nimesahau kwamba mkalimani hutafsiri kila kinachosemwa mle chumbani, cha kila mtu, na kwamba huwa hasemi "amesema". Anasema mimi. Mzee Evodius alikohoa kidogo, na ile sauti yake ya besi inayotuanzishia nyimbo kila Jumapili ikasema kwa Kiswahili safi, taratibu, kwa ajili ya mama mkubwa:

"Nilisema uongo. Mama mkubwa hajawahi kusahau dawa. Nilimwonea aibu yeye."

Kwa Kiswidi lilikuwa neno dogo, nimelimeza nusu. Kwa Kiswahili lilitoka zima. Yeye. Ndilo jibu la swali aliloniuliza jikoni, na amelipata kwa mdomo wa mwenyekiti wa kwaya.

Mama mkubwa aliitazama simu, si mimi. Akaanza kukusanya karatasi zake, akizipanga kwa miezi. Nilinyoosha mkono kumsaidia, nikaurudisha.

"Naweza kuomba ile sentensi ifutwe?" akauliza, na Mzee Evodius akauliza kwa Kiswidi.

Daktari akasema kilichokwisha kuandikwa hakifutwi hivi hivi. Anaweza kuongeza chini yake. Akaongeza, akiandika na kusoma kwa sauti ili mkalimani afuate: mgonjwa anameza dawa zake kikamilifu, amethibitisha kwa maandishi ya miaka kumi na moja; taarifa ya awali kutoka kwa ndugu haikuwa sahihi.

Basi imekaa hivyo. Ya kwangu juu, ya kweli chini yake.

Jumapili, kanisani, Mzee Evodius alinipa mkono kama kawaida. Wakalimani wameapa kutunza siri na najua ataitunza. Lakini aliushika mkono wangu sekunde moja zaidi, nami nikatazama viatu vyake. Bado natazama viatu vyake mpaka leo.

Wiki sita zikapita, namba ikaanza kushuka. Kile kisanduku cha vijumba saba anatunzia vifungo. Kwenye karatasi ya friji safu ya M amepiga mstari wa rula tangu juu mpaka chini, na beseni limerudi kuwa la kufulia. Hajawahi kunigombeza. Ananipa ndizi kama zamani. Kuna kitu kimoja tu kilichobadilika. Barua ikija, ya benki, ya wenye nyumba, ya hospitali, bado ananiita juu. Anakaa mbele yangu, miwani usoni, kidole kwenye mstari wa kwanza.

"Soma," anasema. "Yote."

Nami nasoma, na kidole chake kinatembea chini ya maneno yangu, mstari kwa mstari. Nasoma tarehe, nasoma anwani, nasoma mpaka namba ya ukurasa.